Tembe za mifupa: Nani apumzike na nani asithubutu

Akina mama waliopita umri wa miaka 60 huniuliza maswali mengi kuhusu presha na sukari, lakini siku hizi liko moja linalojitokeza karibu kila wiki: "Daktari, hizi tembe za mifupa nitazimeza mpaka lini?" Wengine hawaulizi. Huacha wenyewe kimyakimya, kisha miezi sita baadaye hulitaja jambo hilo wakiwa wameshika kitasa cha mlango wakitoka, kana kwamba ni habari ndogo.

Ikiwa wewe ni mmoja wao, au mama yako au nyanya yako ni mmoja wao, soma makala haya hadi mwisho. Zipo dawa za mifupa ambazo unaweza kuzipumzisha kwa miaka miwili au mitatu, kwa ushauri wa daktari, bila mifupa kudhurika sana. Na ipo nyingine ambayo ukiichelewesha kwa miezi michache tu, pingili za uti wa mgongo zaweza kupondeka moja baada ya nyingine. Zote mbili watu huziita "dawa ya mifupa". Kwa hivyo kabla ya kuacha chochote, lijue jina la dawa yako.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mifupa ya mtu mzima haikai tu kama mawe ya msingi. Hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, kama nyumba ya udongo inayokandikwa kila baada ya mvua. Zipo chembechembe zinazokula mfupa mkuukuu, na zipo nyingine zinazofuata nyuma zikijaza mashimo. Kwa mwanamke kijana, kazi hizi mbili huenda sambamba, na homoni ya estrojeni ndiyo nyapara anayewazuia wabomoaji wasizidishe. Hedhi ikikoma, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, nyapara huyo huondoka na wabomoaji huwashinda wajenzi. Miaka ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Mfupa hubaki na umbo lake kwa nje, lakini ndani umejaa matundu kama sponji. Siku moja mama anateleza bafuni, anaangukia ubavu, na nyonga inavunjika.

Madaktari huuita ugonjwa huu osteoporosisi. Hauna maumivu yoyote mpaka siku ya kuvunjika, na hiyo ndiyo sababu watu huchoka kumeza dawa yake. Mwenye maumivu ya jino hasahau tembe zake. Mtu anayemezea kitu asichokisikia huanza kujiuliza kama anapoteza pesa, hasa kwa kuwa wengi hununua dawa hizi kutoka mfukoni mwao.

Tembe ambazo wengi wenu mnazijua ni za jamii ya bisfosfoneti. Alendroneti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995 kwa jina la Fosamax, ndiyo mashuhuri zaidi, na sasa huuzwa kwa majina mengine mengi yenye bei nafuu. Wengi huimeza mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai, kwa gilasi nzima ya maji matupu, kisha hukaa wima kwa muda usiopungua nusu saa ili dawa isiwachome koo la chakula. Nduguye ni risedroneti, inayojulikana pia kama Actonel. Yuko pia ndugu wa tatu, asidi ya zoledroniki, inayotiwa mshipani kwa dripu mara moja kwa mwaka na kuitwa Aclasta.

Dawa za ukoo huu hunata kwenye mfupa. Chembechembe ya kubomoa inapokuja kuula mfupa, huila na dawa, ikalegea na kufa. Dawa iliyobaki huzikwa humo ndani mfupa unapojengwa juu yake, kisha hutoka polepole mno. Alendroneti iliyozama mfupani huchukua takriban miaka 10 kupungua kwa nusu. Hiyo ni akiba. Mwanachama aliyechanga kila mwezi katika chama chake kwa miaka mitano hafutwi daftarini kwa kukosa kuchanga mwaka mmoja, na mfupa wa mama huyu ni vivyo hivyo.

Jambo hili lilipimwa. Nchini Marekani wanawake 1,099 waliokuwa wamemeza alendroneti kwa wastani wa miaka mitano waligawanywa kwa kura. Baadhi waliendelea nayo kwa miaka mitano zaidi, na wengine wakapewa tembe zisizo na dawa bila kujua. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2006. Uzito wa mifupa, yaani wingi wa madini yaliyomo, ulipungua kwa walioacha, lakini kwa kiasi kidogo: tofauti kati ya makundi mawili baada ya miaka mitano ilikuwa takriban asilimia 2.4 kwenye nyonga na asilimia 3.7 kwenye uti wa mgongo. Hata hivyo, mifupa ya walioacha ilikuwa, kwa wastani, ingali sawa na ilivyokuwa miaka 10 nyuma kabla hawajaanza dawa, au bora zaidi. Kuvunjika kwa mifupa mingine isiyo ya mgongo hakukutofautiana: karibu mwanamke 1 kati ya 5 katika kila kundi.

Wengi huishia hapo wanaponukuu utafiti huu, na hivyo hupotosha. Pingili za mgongo zilizovunjika hadi mgonjwa akahisi na kwenda kwa daktari zilipatikana kwa asilimia 5.3 ya walioacha, na asilimia 2.4 ya walioendelea. Ni zaidi ya mara mbili. Kwa hivyo kupumzika kuna gharama yake, na gharama hiyo huuangukia mgongo. Mama ambaye mgongo wake ni imara anaweza kuimudu. Yule ambaye tayari ana kibiongo cha pingili zilizopondeka hawezi. Wenye dripu ya asidi ya zoledroniki nao walichunguzwa, na matokeo ya mwaka 2012 yalifanana na haya: waliokoma baada ya miaka mitatu walipata nyufa nyingi zaidi za pingili kuliko waliofikisha miaka sita.

Basi kwa nini tupumzike hata kidogo? Kwa sababu dawa inayozuia ubomoaji kwa miaka mingi huzuia pia ukarabati. Nyufa ndogondogo zinazotokea katika mifupa yetu sote kwa kutembea na kubeba hukosa fundi wa kuzirekebisha. Kwa watu wachache sana, fupa la paja hupata ufa upande wa nje, kisha siku moja hukatika katikati bila ajali ya maana, pengine mtu akitembea tu sebuleni. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liwekwe kwenye karatasi za dawa hizi. Ukiwa umezimeza kwa miaka kadhaa na ukaanza kusikia maumivu mazito ya paja au kinena, hata kama ni ya upande mmoja tu, usiyaite baridi yabisi ukajipaka dawa ya kuchua. Mwambie daktari na uombe picha za eksirei za mapaja yote mawili.

Hofu hii imepita kiasi, nami sipendi jinsi inavyoenezwa. Huko California zilichunguzwa kumbukumbu za wanawake zaidi ya 196,000 waliotumia dawa hizi, na katika taarifa iliyotolewa mwaka 2020, waliovunjika paja kwa namna hiyo walikuwa 277. Hatari iliongezeka kadiri miaka ya kumeza ilivyoongezeka, na ilipungua haraka baada ya kuacha. Ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake wenye asili ya Asia kuliko Wazungu, jambo ambalo wasomaji wetu wa jamii hiyo wanapaswa kulijadili na daktari. Nyonga zilizookolewa zisivunjike zilikuwa nyingi kuliko mapaja yaliyovunjika, na kwa Wazungu, ambao ndio wengi katika tafiti hizi, zilizidi kwa mbali sana.

Tatizo la mfupa wa taya, ambapo kidonda cha jino lililong'olewa hakiponi na mfupa unaonekana, pia ni nadra kwa wenye osteoporosisi. Wengi waliopatwa nalo ni wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa zaidi. Nenda kwa daktari wa meno kabla ya kuanza dawa, mwonyeshe jina lake, na umalize kung'oa kinachohitaji kung'olewa.

Sasa, nani apumzike? Utaratibu uliopendekezwa na jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 2016, ambao madaktari wengi wanaufuata, ni kuangalia upya baada ya miaka mitano ya tembe au miaka mitatu ya dripu. Hupumzishwa mama ambaye hajawahi kuvunjika nyonga wala pingili, hajavunjika mfupa mwingine akiwa kwenye dawa, na ambaye kipimo cha nyonga yake kiko juu ya hasi 2.5. Alama hiyo hutokana na mashine ya DXA, inayopima uzito wa mifupa kwa miale hafifu na kuulinganisha na wa mwanamke kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka huo mwaka 1994: hasi 2.5 au chini yake ni osteoporosisi. Aliye chini ya mpaka, aliyewahi kuvunjika nyonga au pingili, au mkongwe mwenye hatari nyingine, huendelea, na tembe zake zaweza kufika miaka 10, au dripu miaka sita.

Hali kadhalika, mama anayemeza prednisolone kila siku kwa ajili ya pumu, lupasi au baridi yabisi ya viungo asifikirie kupumzika. Dawa hiyo hula mfupa kwa kasi, na likizo yake itakuwa likizo ya mfupa tu, wala si ya mharibifu.

Halafu kuna hesabu ya uaminifu. Miaka mitano inayozungumzwa ni ya kumeza kweli. Najua akina mama walioandikiwa dawa miaka mitano iliyopita lakini wakameza pakiti tatu, wakaacha karo ilipoingia, wakarudia Krismasi mwana alipotuma pesa, wakaacha tena. Hao hawana akiba ya kutosha ya kupumzikia. Ukiwa mmoja wao, mwambie daktari ukweli, maana yeye husoma tarehe iliyoandikwa kwenye daftari lako na kudhani umechanga zote.

Nimefika kwenye dawa inayonifanya niandike makala haya. Ni sindano iitwayo denosumabu, inayouzwa kwa jina la Prolia, inayodungwa chini ya ngozi mara moja kila baada ya miezi sita. Iliruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2010, na ni dawa nzuri sana. Huinua uzito wa mifupa mwaka baada ya mwaka, na hata mwenye figo dhaifu, ambaye tembe za alendroneti hazimfai, anaweza kuipata chini ya uangalizi. Lakini hainati mfupani. Haiweki akiba hata senti moja.

Kazi yake ni kuizima ishara inayoziita chembechembe za kubomoa zije kazini. Ukipita asubuhi katika eneo la viwanda la Nairobi utawaona vibarua wamejaa langoni wakisubiri kuitwa. Sindano hii hulifunga lango. Miezi sita ikipita bila nyingine, lango hufunguka, na vibarua waliorundikana huingia wote kwa mpigo. Ubomoaji hupanda juu kuliko ulivyokuwa kabla ya matibabu, na uzito wote wa mfupa uliopatikana kwa miaka hupotea katika mwaka mmoja au miwili.

Mwaka 2018 zilitolewa takwimu za wanawake 1,001 waliokuwa katika utafiti wa dawa hii kisha wakaacha. Kuvunjika kwa pingili kulipanda kutoka 1.2 hadi 7.1 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Kiwango hicho kinakaribia kile cha wasiotibiwa kabisa, na mtu angeweza kusema basi wamerudi tu walikoanzia. La hasha. Miongoni mwa waliovunjika baada ya kuacha, 6 kati ya 10 walivunjika pingili zaidi ya moja, na hilo lilizidi lile lililoonekana kwa wasiotibiwa.

Mgonjwa mmoja niliyemwona alikuwa mama wa miaka 71 aliyekwenda Marekani kumsaidia binti yake, muuguzi, kulea mtoto. Huko alipimwa, akapatikana na mifupa dhaifu, akadungwa sindano nne katika miaka miwili. Akarudi nyumbani akiwa buheri wa afya. Hakuna aliyemweleza kwa lugha yake kwamba sindano ile haina likizo, naye alihesabu kwamba matibabu yamekwisha kwa kuwa safari imekwisha. Miezi 10 baada ya sindano ya mwisho aliinama kuinua mtungi wa lita 10 jikoni, akasikia kitu kama kisu mgongoni. Eksirei ilionyesha pingili tatu zimepondeka. Alikuwa ameleta kadi ya kliniki ya huko ndani ya mkoba wake, imekunjwa, na tarehe ya sindano ya tano imeandikwa waziwazi juu yake.

Hali kama yake itazidi kuonekana, kwani wazazi wengi wa Kenya sasa huenda na kurudi kwa watoto wao Uingereza, Marekani na Ghuba. Ikiwa mzazi wako anadungwa sindano ya mifupa ng'ambo, uliza jina lake kabla hajapanda ndege, na mpange nani atamdunga ya pili na wapi. Sindano hii hukaa kwenye friji. Usidhani utaikuta katika kila duka la dawa mjini.

Ichukue tarehe yake kwa uzito kama tarehe ya kodi ya nyumba. Kuchelewa kwa wiki moja au mbili kunavumilika. Mwaka 2020, wakati maradhi ya Covid yalipowafungia watu nyumbani, vyama vya wataalamu wa mifupa vilishauri kwamba isipite miezi saba tangu sindano iliyotangulia, na kwamba atakayeshindwa kuipata kwa wakati apewe tembe za bisfosfoneti kwa muda. Anayetaka kuiacha kabisa, kwa sababu ya bei au nyingine yoyote, anaweza kuiacha, lakini kwa kupitia mlango unaofaa: inapofika miezi sita tangu ya mwisho, aanzishwe alendroneti au atiwe dripu ya asidi ya zoledroniki ili kulishikilia lango. Waliodungwa kwa miaka mingi hupoteza kiasi fulani hata hivyo, ndiyo maana wanahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Na ikiwa miezi saba au minane imeshapita unaposoma haya, usingoje maumivu. Nenda kwa daktari wiki hii.

Akina mama wanaotumia homoni za estrojeni kwa ajili ya joto la mwili na jasho la usiku nao wajue kwamba homoni hizo hulinda mfupa zinapotumiwa tu. Ukiziacha, mfupa huanza kupungua kama ulivyofanya hedhi ilipokoma. Wengi waliziacha kwa pamoja baada ya matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani ya mwaka 2002 kuhusu saratani ya matiti na maradhi ya moyo. Sababu ya kuacha ilieleweka, lakini mfupa ulisahaulika.

Neno kuhusu kipimo. Mashine za DXA ni chache nchini, na ziko zaidi katika hospitali kubwa za mijini, kwa hivyo kila kipimo kina thamani. Pima kabla ya kupumzika, kisha rudia baada ya miaka miwili au mitatu, kwenye mashine ileile ikiwezekana. Ukipimwa Nairobi mwaka huu na India mwaka ujao, namba mbili hizo haziwezi kulinganishwa kwa uhakika, na nimeona familia ikihangaika kwa sababu ya asilimia 2 ambayo ni tofauti ya mashine tu.

Likizo ya tembe si likizo ya chakula. Endelea na maziwa au mala, omena wanaoliwa na miiba yao, uji wa wimbi, na mboga kama terere na sukuma wiki. Vitamini D hutengenezwa na ngozi kwa jua, na mama anayeshinda ndani ya fleti au aliyejifunika mwili mzima anapotoka huenda akahitaji nyongeza ya tembe. Tembea kila siku. Ondoa mkeka unaoteleza mlangoni, weka taa ya njia ya choo usiku, na umwambie makanga kwa sauti kwamba hushuki hadi matatu isimame kabisa.

Wakati wa kurudi kwenye dawa hauwekwi na kalenda pekee. Ukivunjika mfupa wowote kwa kuanguka kutoka kimo chako mwenyewe, likizo imekwisha siku hiyo. Kipimo kikishuka sana, au ukianzishwa prednisolone, vilevile. Lakini pingili nyingi hupondeka bila kelele, mama akidhani ni uchovu wa mgongo tu, kwa hivyo fanya hivi. Simama bila viatu, visigino na mgongo vikiwa vimegusa ukuta, mwanao aweke kitabu juu ya kichwa na kuchora alama kwa penseli, na tarehe kando yake. Rudia kila mwaka mwezi uleule. Ukipungua sentimita 2 au zaidi tangu alama ya kwanza, omba eksirei ya uti wa mgongo hata kama huumwi popote.